Sheha na Swali la Unakwenda Wapi

Mwaka huu, nikiwa kazini hotelini Al Garhoud, nakagua mashuka yaliyotoka kufuliwa, simu iliniletea ujumbe wa sauti kutoka kwa Kiprono. Kiprono ni rafiki yetu wa Kericho, mlinzi wa mapokezi katika jumba moja refu la Dubai Marina. Alikuwa ananong'ona kama mtu aliyejificha chooni.

"Siz, Sheha wetu ameshikwa. Hatoki nje. Na mwenye amemshika ni mimi."

Nilicheka kwanza, kisha nikaelewa, na kicheko kikanikauka. Mwanawe Sheha alikuwa amehamia kwenye jumba hilo pamoja na baba yake, na alikuwa amewaagiza walinzi wa mlangoni kwamba mzee asitoke peke yake mpaka yeye apigiwe simu. Hilo lingempata mzee mwingine yeyote nisingeshtuka. Lakini mzee huyu, kwa miaka yote niliyomjua, alikuwa na imani moja tu ya kisiasa: kwamba hakuna mkubwa, awe rais, gavana, diwani au mwenye nyumba, aliye na haki ya kumuuliza mtu mzima anakwenda wapi. Sasa alikuwa anaulizwa yeye, kila siku, na mtu aliyekunywa chai yake. Kabla sijasimulia nilichokwenda kukuta huko Marina, wacha nieleze ni mtu wa namna gani, maana vinginevyo mtadhani hii ni habari ya mzee mgonjwa na mtoto mwenye wasiwasi, basi.

Tulimwita Sheha kwa sababu aliwahi kuwa sheha huko Unguja. Sheha ndiye serikali ya mwisho kabisa kule, ile inayojua hata jina la paka wako. Akija mgeni mtaani, sheha aambiwe. Ukihama, sheha aambiwe. Ukitaka barua, muhuri anao yeye. Kwetu Kenya tungesema ni chifu, na hapo ndipo lilipotokea kosa langu.

Nilipofika Deira, hapa Dubai, bado nanukia Nakuru, wasichana wa nyumba niliyopata kitanda waliniambia, nyuso zao kavu kabisa, kwamba mtaa huu una Sheha, na mgeni lazima aende kuripoti, na haendi mikono mitupu. Nani angewabishia? Kwetu ukipotelewa na kitambulisho ni barua ya chifu, ukitaka kuchinja ng'ombe wa harusi ni chifu, ukigombana na jirani ni chifu. Kwa hiyo nilikwenda dukani, nikanunua kuku wa kugandishwa, nikampeleka. Nilimkuta kwenye duka la mwanawe la kago, linalosafirisha mizigo kwenda Mombasa, Dar na Unguja. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya feni, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, anafunga katoni kwa selotepu. Nikasimama nimenyooka kama askari wa gwaride, kuku ananidondoshea maji viatuni.

"Mzee, nimekuja kuripoti."

"Kuripoti nini, mwanangu?"

"Kwamba nimefika."

Akanitazama, akamtazama kuku, akanitazama tena. "Umefika?"

"Ndiyo."

"Basi ushafika. Hongera."

"Na kuku je?"

"Kuku kampikie aliyekutuma. Mie serikali n'meiacha Unguja. Huku n'mekuja kupumzika nayo."

Nje ya duka, nyuma ya gari la mizigo, wasichana wa nyumba walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Tangu siku ile jina langu kwa Sheha likawa Bi Kuku, na aliliita kwa sauti popote aliponiona, hata mbele ya madam wangu wa kazini tuliyekutana naye sokoni. Sikuwahi kukasirika. Nilimpenda mzee yule tangu aliporudisha kuku, kwa sababu sikuwahi kuona mtu wa serikali akirudisha kuku.

Duka lile likawa baraza letu la siku za mapumziko. Mkenya aliyeleta blanketi za mamake, Mtanzania aliyeleta televisheni, Mganda mbebaji mizigo wa duka, wote tulikaa juu ya marobota tukanywa chai ya karak na kubishana siasa. Siasa za nyumbani, naomba nieleweke. Za hapa hatukuzigusa. Sheha alisema mgeni hahesabu misumari ya kitanda alicholazwa, analala na kushukuru. Lakini gavana wa Nakuru, diwani wa Kericho, sheha aliyemrithi huko kwao, hao tuliwasaga mpaka wakawa unga.

Kiprono ndiye aliyekuwa mkali wetu. Alitaka kiongozi mwenye mkono wa chuma, anayepiga mguu chini watu wakatulia. Siku moja alikuja na habari kwamba kaunti fulani inataka kila mwenye sherehe ya vipaza sauti aombe kibali kwanza, na aseme wageni ni akina nani, na wataondoka lini. Kiprono alisifu sana.

"Sisi Wakenya tumezoea vibaya," alisema. "Tunahitaji mkono wa chuma."

Sheha akaendelea kuvuta selotepu. "Huo mkono wa chuma, mgongo ukikuwasha utakukuna?"

"Aa, mzee, si hiyo ndiyo maana yake."

"Hebu niambie. Utakukuna?"

"Hautanikuna."

"Basi mkono gani huo, kazi yake kupiga tu?"

Tulicheka mpaka Mganda akaangusha katoni. Kiprono alicheka pia, ingawa juma lililofuata alirudi na mkono wake ule ule wa chuma. Watu hawabadiliki kwa sababu wamechekwa.

Sheha alikuwa na swali lake kwa kila mtu aliyetaka kura. Sisi tulizoea kuuliza, "Utatufanyia nini?" Yeye alituambia tuulize, "Utatuachia nini?" Alidai kwamba mgombea akiulizwa la kwanza ana majibu elfu, la pili linamtoa jasho. Kiprono alilijaribu kweli. Diwani wake alikuwa na kundi la simu la watu wa wadi walioko nje ya nchi, naye akamwandikia humo. Diwani akamjibu kwamba ataacha alama. Sheha alipoambiwa akasema hata kunguru huacha.

Alitwambia adabu yote ya utawala iko kwenye hodi. Mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila kinyongo.

"Na serikali nayo mgeni," alisema. "Ije, ipige hodi, isipoitikiwa irudi ikalale. Hizi zenu zaingia na viatu, kisha zakuuliza mbona uko nyumbani kwako."

"Na mwizi akiwa ndani?" Kiprono akauliza. "Polisi pia apige hodi tatu, mwizi anamalizia chai?"

Sheha aliinamisha kichwa akafikiri. Hilo nalo lilikuwa jambo zuri kwake, kwamba akiulizwa swali la maana hakujifanya hakulisikia. "Hodi haki ya mwenye nyumba," alisema mwishowe. "Mwizi si mwenye nyumba. Huyo avutwe miguu."

Na aliyoyasema aliyatenda. Stoo ya nyuma ya duka haikuwa na mlango, ina pazia tu, na ndani hamna chochote ila mizigo. Hata hivyo Sheha hakuingia bila kupiga hodi. Nilidhani ni uzee, mpaka nilipogundua kwamba yule Mganda mbebaji hujilaza humo juu ya magunia ya mitumba adhuhuri, duka likiwa tupu. Hodi ya kwanza ilimwamsha, ya pili akavaa viatu, ya tatu akaitikia, "Karibu mzee," na Sheha akaingia akamkuta anapanga mizigo. Nilimuuliza kama mwanawe anajua. Akaniambia, "Mie najua. Lakini kujua si kutawala, Bi Kuku."

Msemo huo ulimfaa sana, kwa sababu hakukuwa na mtu mbea kama Sheha kutoka Deira hadi Sharjah. Alijua nani amepigwa talaka kwa simu, nani amebadilisha arbab, yaani mwajiri, nani anapika samaki kisha anasema harufu ni ya jirani. Umbea aliusikiliza amefumba macho, kama mtu anayekandwa mabega. Lakini halikutoka neno. Uliweka siri yako pale dukani ukiwa na hakika haitakurudia kwa mlango mwingine, na nadhani ndiyo maana kila mtu alimletea.

Na wala msidhani alikuwa mpole kwa kila jambo. Feni ile ilikuwa yake. Ukiigeuza hata kidogo alisimama bila kusema kitu, akairudisha, akaketi. Chai ilitiwa iliki kwanza, sukari mwisho, na aliyekosea chai yake ilimwagwa mbele ya watu. Nilimwambia mara moja kwamba yeye ni dikteta wa birika.

"Birika langu," akajibu. "Sijaja kwako kukuamrisha la kwako."

Kitu kingine kilichonishangaza ni taa za barabarani. Barabara ingekuwa tupu, hakuna hata paka, Sheha angesimama kwenye taa nyekundu ya wapita njia kama mtoto wa shule, sisi tumeshavuka tunamngoja upande wa pili. Nilimuuliza mbona mpenda uhuru kama yeye ananyenyekea taa. Akasema taa haina neno naye. Inamwambia simama, inamwambia pita, ni sawa kwa tajiri na kwa mbeba mizigo, na haimuulizi anakwenda wapi. Sheria za namna hiyo alizipenda kwa moyo wote.

Mimi mwenyewe alinifunza kwa njia ya mateso. Katika nyumba yetu, wanawake wengi kuliko nafasi, mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, kwa sababu mkataba na mwenye nyumba ulikuwa kwa jina langu. Madaraka matamu, asikudanganye mtu. Nilitunga sheria kwamba hakuna kuongea na simu chumbani, kwa kuwa kuna wenye zamu wanaolala mchana. Nikampelekea Sheha habari hiyo nikitarajia sifa.

"Ushaionja?" akaniuliza.

"Kuonja nini?"

"Hiyo sheria. Mpishi haonji mchuzi kabla ya kuwapa watu? Kaa nayo weye peke yako mwezi mmoja. Ukiiweza, kawape wenzio."

Nilikubali kwa kiburi, na ilikuwa Agosti. Mama yangu hupiga simu akishamaliza kukama, na mama hajui simu fupi. Anaanza na ng'ombe mmoja mmoja, hali yake na tabia yake, kisha majirani, kisha kanisa, kisha anarudi kwa yule ng'ombe wa kwanza kwa sababu amekumbuka kitu. Nilimsikiliza kwenye ngazi za jengo, joto linanichemsha kama muhogo. Familia ya Kihindi ya ghorofa ya chini ilianza kuniletea maji, ikidhani nimefukuzwa na mume. Wenzangu wa nyumba walikuwa wanapita wakinipa pole za kejeli. Mwezi haukuisha. Sheria ile ilikufa bila matanga, na wenye zamu tuliwanunulia vizibo vya masikio. Mpaka leo nyumba yetu ina sheria mbili tu, zima gesi na osha sufuria uliyounguza, na zinafuatwa.

Lakini sikukubaliana naye katika yote. Iko siku alikuwa anasifia serikali ndogo, ndogo kama punje, nami nikapandwa na hasira za kweli. Dada yangu alijifungua juu ya mkokoteni wa punda kwa sababu barabara ya kwetu mvua ikinyesha haipitiki, na mtoto akafa. Nikamwambia, "Sheha, serikali ndogo sisi tumekuwa nayo. Ilikuwa ndogo mpaka haionekani."

Nikaona aibu kidogo kwa sauti niliyotumia, lakini sikurudisha neno. Sheha aliweka selotepu chini.

"Mungu amrehemu yule mtoto," alisema. Kisha akasema, "Barabara wajenge, Bi Kuku. Na wajenge ya maana, kodi si wanachukua? Na hospitali waweke. Mie sina ugomvi na barabara. N'na ugomvi na wa kuniuliza naipita kwenda wapi."

Kutoka siku hiyo, kila aliposema habari ya serikali ndogo alinitupia jicho na kuongeza, "Na barabara." Hakuna mtu mwingine, kabla wala baadaye, aliyewahi kurekebisha falsafa yake kwa ajili yangu.

Biashara ya mwanawe ilipanuka. Tulimwita Baba Nasra, kwa jina la binti yake, na ni mtu mwema, nataka hilo lieleweke, anayemheshimu baba yake kiasi kwamba mpaka leo hawezi kuketi kabla mzee hajaketi. Tatizo lilianzia kituo cha metro. Sheha ana sukari, na siku hiyo alikuwa ametoka peke yake kama kawaida yake. Kichwa kikamzunguka, akaanguka ngazini. Watu wakamwinua, wakamkalisha, wakapiga namba waliyoikuta kwenye simu yake. Baba Nasra alifika akiwa amevaa kiatu kimoja na kandambili moja. Mzee hakuumia, alichubuka kiwiko tu, lakini mwanawe hakupata usingizi wa maana tangu siku hiyo. Walipohamia Marina, akatoa ile amri mlangoni.

Basi baada ya ujumbe wa Kiprono nilingoja siku yangu ya mapumziko, nikapanda metro, nikabadili nikapanda tramu, nikafika alasiri. Sebule ya mapokezi ilikuwa na marumaru ya kujitazamia uso na harufu ya udi. Kiprono alikuwa nyuma ya meza, suti nyeusi, amekonda. Na pale kwenye kochi la ngozi, karibu kabisa na mlango, Sheha ameketi, kanzu imepigwa pasi, kofia, fimbo, viatu vimeng'arishwa. Alikuwa amevaa kama mtu anayetoka.

"Anashuka hivyo kila siku," Kiprono aliniambia kwa chini. "Ananisalimia vizuri, anakaa. Hajawahi hata kuniomba. Siz, heri angenitukana. Angenitukana ningelala."

"Si umwachilie tu?"

"Na kazi? Nina watoto shule. Mwenyewe anajua. Ameniambia siku ya kwanza, 'Usiogope, mwanangu, weye umetumwa.' Unaskia hiyo? Ananionea huruma mimi."

Nikaenda nikakaa karibu na mzee. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari za wote, nani kafanya nini na nani, na nilimpa umbea wa miezi yote akausikiliza amefumba macho. Lakini kila mtu alipotoka, macho yalimfunguka yakamfuata mpaka nje. Wazungu wenye mbwa walitoka. Mwanamke mwenye kigari cha mtoto akatoka. Aliwatazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani za wengine, na roho iliniuma kweli, nikasema wazi kwamba nitaongea na mwanawe nitake nisitake.

Sikuhitaji kumtafuta. Baba Nasra aliingia kutoka kazini, akatukuta. Akamwamkia baba yake, akamwinamia mkono, akanisalimia mimi. Nikaanza, "Baba Nasra, samahani, mimi si mtu wa nyumbani kwenu..." na Sheha akaniwekea mkono begani ninyamaze.

"Nataka kutoka," akamwambia mwanawe.

"Baba, tutatoka pamoja Ijumaa. Nitakupeleka popote."

"Leo. Peke yangu."

"Baba, mimi sikufungi. Wallahi sikufungi. Ni kwa usalama wako."

Sheha akatabasamu. "Neno hilo nalijua. N'kilisema mie."

Akamwonyesha kochi. Mwanawe akaketi, na mzee akatusimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia dukani hata siku moja. Alipokuwa sheha, kulikuwa na bibi mmoja mjane aliyekuwa anapanda mwenyewe juu ya paa lake kuziba pale palipovuja. Watu wakasema ataanguka. Sheha akaenda, akampa maneno mazuri, akamwambia ni kwa usalama wako, akambebea ngazi yake akaenda kuiweka ofisini. Watu walimsifu sana. Kisha mvua ikanyesha. Bibi akaja ofisini na mkeka wake na birika lake, akaketi. "Paa langu lavuja," akasema, "na ngazi anayo serikali. Basi n'takaa na serikali." Mvua ikikatika anakwenda kwake, ikirudi anarudi. Ilikuwa masika. Sheha alikula naye, akaswali naye pembeni, akamsikiliza habari za marehemu mume wake mpaka akazijua kama zake. Watu wenye shida zao walimkuta bibi mbele ya meza, wakampa heshima wakidhani ndiye sheha mpya.

Kiprono, aliyekuwa amejifanya anasafisha kioo, aliguna kwa kicheko akajizuia.

"Ukamrudishia ngazi?" nikauliza.

"Mbio! N'kaibeba mwenyewe kichwani. Ukimnyang'anya mtu ngazi, umejitwika paa lake. Mwanangu, n'takuketia. Kila siku n'takuketia hapa, na hapo dukani kwako, na mezani kwako, mpaka uchoke. Afadhali tugawane. Dawa shika weye. Sindano, chakula, daktari, vyote shika, n'takutii kama mtoto. Simu n'tabeba. Lakini mlango niachie."

"Na ukianguka?"

"Hata humu watu huanguka. Hayo marumaru yako umeyaona?"

"Na ukipotea?"

"N'tauliza njia. Watu wa Dubai wema, watanielekeza."

Baba Nasra aliinama akashika kichwa. Nilimwona anavyohangaika, na nikakumbuka kiatu kimoja na kandambili moja, na sikuwa na hakika tena niko upande gani. Ningekuwa yeye, mzee yule akiwa baba yangu, ningeliweza? Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Akamwambia Kiprono, kwa Kiingereza cha kikazi kama anayetoa taarifa, kwamba kuanzia leo mzee anatoka apendavyo na hakuna haja ya simu. Kiprono akasema, "Yes, sir," kisha, "Asante, sir," kisha akakohoa.

Sheha akasimama, akanyoosha kanzu, akaenda. Na mlango wenyewe ni ule wa vioo unaofunguka ukiusogelea. Haukuwa na kufuli wala komeo siku zote hizo. Ukafunguka, joto likaingia, mzee akatoka, ukajifunga nyuma yake. Nusu ya ulimi wangu ilikuwa imeshasema, "Unakwenda..." nikaimeza iliyobaki.

Akageuka kushoto.

Tramu iko kulia. Kushoto ni njia ya magari, inaingia chini ya jengo kwenye maegesho, haiendi kokote. Tulisimama sote watatu tukimtazama anavyokwenda, mgongo umenyooka, fimbo inagonga.

"Siz," Kiprono akanong'ona, "tramu ni kulia."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa tulia."

Baba Nasra alikuwa amepiga hatua, na mlango ukafunguka. Akasimama. Mlango ukajifunga. Hakurudi nyuma, kwa hiyo ukafunguka tena, ukajifunga, ukafunguka, na yeye pale katikati ya hewa ya baridi na hewa ya moto, simu mkononi, midomo inatikisika kama mtu anayeswali. Nilimshika mkono wa shati. Ni mume wa mtu na sikupaswa, lakini nilimshika. Hakuniondoa.

Mzee alipotea nyuma ya ukuta. Mwanamke mwenye kigari cha mtoto alirudi akatupita, akatuangalia kwa mashaka.

Ndipo kofia ikatokea kwenye ukingo wa kioo. Sheha alikuwa anarudi, taratibu, anaelekea kulia sasa, kidevu juu, kwa mwendo wa mtu ambaye tangu mwanzo alikusudia kuzunguka huko kwanza. Alikuwa anakuja kupita mbele yetu kabisa.

Baba Nasra akaruka nyuma ya nguzo. Kiprono akageuka. Nami nikageuka, na sote tukaanza kuitazama lifti, kwa makini sana, mpaka tulipokuwa na hakika kwamba ameshapita.